Mgongo wa Bawabu

Siku Bawabu alipokalia makalio mbele ya duka la Idris akashindwa kuinuka, mtaa mzima ulikubaliana jambo moja kwa mara ya kwanza tangu ugomvi wa bomba la maji: mbwa yule ana kichaa, auawe. Waliokuwa hawasalimiani walipokezana mawe. Mmoja alisema ameona povu mdomoni mwake. Mwingine, aliyefika mwisho na hakutaka kupitwa, akasema povu lilikuwa la rangi mbili.

Bawabu mwenyewe aliwatazama kwa adabu. Miguu ya mbele ilikuwa wima kama kawaida. Ya nyuma ililala ubavuni, imekunjana, kama mzigo wa mtu mwingine alioombwa amshikie kidogo.

Safiya aliwakuta hivyo. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye ulimi uliokwisha kumponza mara nyingi, na bado hakuona sababu ya kuustaafisha. Mbuzi wake walikuwa wametangulia, wamesimama katikati ya njia wakimngoja mbwa wao. Alijipenyeza mpaka mbele, akasimama baina ya Bawabu na mawe, akauliza nani ameng'atwa. Hakuna aliyeng'atwa. Akauliza nani amekimbizwa. Hakuna aliyekimbizwa.

"Basi kosa lake ni kukaa," alisema. "Idris, wewe umekaa kwenye kiti hicho tangu asubuhi. Nani amekurushia jiwe?"

Waliocheka waliweka mawe chini, maana kucheka na jiwe mkononi ni kazi. Idris hakucheka. Ndiye aliyekuwa akinunua maziwa mengi ya Safiya kwa ajili ya chai ya dukani kwake, na ndiye aliyekuwa akimwuliza kila baada ya siku chache kama hajachoka bado na wale mbuzi, awauze wote kwa mkupuo, apumzike.

"Abaayo, dada yangu, mimi sina ugomvi nawe," alisema, kwa sauti ya kusikiwa mpaka mwisho wa mtaa. "Lakini maziwa yanatoka zizi moja na mbwa huyu. Wateja wakiniuliza niwajibu nini? Mpaka daktari aseme hana kichaa, na aseme ana nini, mimi siyachukui."

Ikawa ndiyo hukumu. Jioni ile majirani waliokuwa wakija na vikopo mlangoni kwa Safiya hawakuja, na kesho yake maziwa yaliganda kwenye ndoo. Nyumba ile ilikula kwa maziwa. Mahdi, mume wake, alikuwa mpishi kwenye chombo cha mizigo ambacho kilikuwa matengenezoni, na kila akienda bandarini aliambiwa bado kidogo. Mama yake Mahdi, Bi Mwanatumu, alikuwa na meno machache na hamu kubwa ya kula. Na mbuzi bila mbwa hawakuwa mbuzi wa kuhesabu: nyuma ya mtaa, vilima vya mchanga vinapoanza, fisi wa huko hawana haya, huingia mpaka uani kama wageni wa harusi.

Kumwinua Bawabu kulileta mashauriano. Hakuna aliyekuwa tayari kumtia mkono, na ulimi wake ulikuwa nje, unadondosha. Mwishowe Mahdi alileta toroli, wakamsukumia kwenye gunia kwa ubao, wakalivuta gunia mpaka juu. Mahdi alilisukuma toroli huku ameangalia pembeni, kama aliyekodiwa na hawajui wenyewe.

*

Daktari Nabil alikuwa na chumba cha mabati kwenye soko la mifugo, ambako alichanja ngamia na kukagua ng'ombe wa kusafirishwa. Alisomea Nairobi, akarudi na subira nyingi kuliko vifaa. Tangu aanze kazi pale hakuwahi kuletewa mbwa, na alipoliona toroli alivaa glavu kwa namna ya mtu anayevaa nguo ya Idi.

Aliuliza ilianza lini. Mahdi akasema wiki iliyopita. Safiya akasema la, kabla ya hapo, ila hakumbuki. Akauliza ulianza mguu upi. Wakatazamana.

"Yule mbuzi wako mwenye doa jeupe," alisema Nabil, "niliyemtibu. Chuchu gani ilikuwa mbovu?"

"Ya kushoto. Alichomwa na mwiba mwezi wa Shaabani, ikavimba upande wa ndani," Safiya alijibu bila kufikiri.

"Na mbwa huyu amekaa kwako muda gani?"

"Miaka minne."

"Na hujui mguu upi."

"Daktari, mbuzi namshika. Mbwa mtu hamshiki."

Hakusema kwa kejeli. Bawabu hakuonewa nyumbani kwake. Alikuwa na sufuria lake, kivuli chake, na mfupa kila ulipopatikana. Safiya alizungumza naye kuliko alivyozungumza na mumewe. Lakini mazungumzo yote yalikuwa ya mbali, na akitaka asogee alimsogeza kwa fimbo. Mate yake yakikugusa, ni kuosha mara saba, moja kwa udongo, na mwenye kazi nyingi hajitafutii kazi ya nane. Miaka minne hakuna mkono uliopita mgongoni mwa mbwa yule.

Nabil aliupitisha wake. Alibonyeza mfupa baada ya mfupa, na alipofika katikati Bawabu alitoa sauti ambayo hawakuwahi kuisikia, nyembamba, kama mlango. Akashika paja la kulia, kisha la kushoto, akamwambia Safiya atazame: la kulia lilikuwa limekonda nusu ya mwenziwe. Akaugeuza wayo wa nyuma, sehemu ya juu ikalala mezani. Mbwa mzima angeurudisha hapo hapo. Bawabu aliuacha vile, kama si wake. Halafu Nabil akainua vidole vya mguu wa kulia. Kucha mbili za katikati zilikuwa zimelika kwa juu mpaka kwenye nyama.

"Huu umeburutwa miezi," alisema. "Kichaa cha mbwa hakina subira hivi. Kingemwua kabla kucha moja haijalika. Na huyu anakula?"

"Kuliko Mahdi."

Mahdi alitazama dari.

Nabil akawaeleza polepole. Ndani ya mfupa wa mgongo mna tundu, na ndani ya tundu mnapita kamba ya fahamu inayoamrisha miguu. Kitu kinaikandamiza kamba ile. Huenda ni kile kinachokaa baina ya pingili kimetoka mahali pake. Lakini hicho aghalabu huangusha mara moja, na huyu ameanguka taratibu, mguu mmoja kwanza, halafu wa pili. Yeye alidhani ni uvimbe. Uvimbe ukiwa nje ya kamba, mtu anaweza kuupasua akautoa. Ukiwa ndani yake, basi. Na hawezi kujua bila picha.

Safiya alishika neno moja tu. Akamwomba ampigie Idris simu amwambie si kichaa. Nabil akapiga. Idris akashukuru sana, akauliza, basi ni nini. Nabil akasema hajajua kwa hakika. Idris akasema hakuna tabu, daktari akijua atamwarifu, na maziwa yangoje.

*

Mashine ya eksirei ilikuwa kwa Husseini, mwenye kliniki karibu na soko. Alikuwa mtu wa kisiwa cha Chula, na babu yake na babu yake Mahdi walikuwa mtu na ndugu yake, kwa hiyo hakuweza kukataa moja kwa moja. Alikataa kwa masharti. Waje siku ya Ijumaa, watu wakiwa msikitini. Wapitie mlango wa nyuma, panapotolewa taka. Mbwa asipige kelele. Na wakiulizwa walibeba nini, waseme mbuzi.

"Mbuzi gani anabebwa eksirei?" aliuliza Safiya.

"Mbuzi wa watu wanaojipenda," Husseini alijibu.

Ijumaa ilipofika Safiya alipita njia ya taka, ulimi ameung'ata. Alitandika turubai zima juu ya kitanda cha mashine, kavu, akalikunja pembeni lisiache hata kidole cha kitanda wazi. Bawabu alichomwa sindano ya kumlegeza, akalazwa. Picha ya kwanza ikatoka safi. Nabil aliitazama kwenye mwanga wa dirisha: pingili zote ziko mahali pake, hakuna mfupa uliovunjika wala kuliwa.

"Kwa hiyo hana kitu," alisema Mahdi, na sauti yake ilikuwa na tamaa.

Nabil alisema kinyume chake. Uvimbe wa nyama hauonekani kwenye picha ya mfupa. Sasa atamchoma mbwa dawa ya rangi kiunoni, dawa ipande ndani ya tundu la mgongo, na mahali itakapokwama ndipo penye uvimbe. Picha ya pili ndiyo yenyewe. Wakamtoa Bawabu na turubai lake mpaka barazani, kwenye mwanga mzuri, amnyoe na kumchoma huko. Ilikuwa kazi ya kutulia, na Nabil alitulia.

Husseini, kule ndani, alisikia mbwa ametoka na akaona kazi imekwisha. Wagonjwa walikuwa karibu kurudi kutoka msikitini. Alikuwa mtu mwangalifu wa dini yake, na hakutaka mtu wa watu alale penye najisi. Akajaza ndoo. Aliosha kitanda kile kama alivyofundishwa na mama yake kuosha chungu kilicholambwa: mara ya kwanza kwa maji na udongo, akasugua mpaka kwenye viungo, halafu maji, na maji, na maji. Alipofika ya sita mashine ililia kidogo. Ya saba aliimimina hata hivyo, maana sita si saba.

Nabil alipoingia na mbwa aliyekwisha chomwa dawa, chumba kilikuwa kinanuka waya. Tope jembamba lilikuwa likitiririka kutoka chini ya kitanda, mle yalimo matumbo ya mashine. Alibonyeza kitufe. Akabonyeza tena. Akasimama pale na mbwa mikononi, na dawa ya rangi ikipanda zake mgongoni mwa Bawabu, ikionyesha kila kitu, pasipo wa kuitazama.

"Turubai lilikuwapo," alisema mwishowe. "Kavu kwa kavu, najisi haipiti. Haukugusa kitanda hata unyoya mmoja."

Husseini alikaa chini. Kisha alisimama, akamgeukia Safiya, akasema mashine ile ni ya kuagizwa kutoka nje, na nani sasa atailipa.

"Nilikuletea mbwa umpige picha," alisema Safiya. "Sikukuletea ndoo."

Mahdi alimvuta mkewe kwa ukingo wa buibui. Walitoka kwa njia ya taka, na wakati huo watu walikuwa wanarudi kutoka msikitini, na kila mmoja aliona vizuri kwamba kilichomo torolini hakikuwa mbuzi.

*

Habari zilifika nyumbani kabla ya toroli. Kufikia alasiri ilisemwa mbwa wa Safiya ameipiga jicho mashine ya eksirei ikafa. Bi Mwanatumu alikwisha kuandaa dawa yake, chuma cha moto, cha kupigwa mgongoni kama wapigwavyo ngamia, na aliudhika kukuta hakuna wa kumshikia mbwa. Siku zilizofuata hata mguu wa kushoto, uliokuwa umebaki na nguvu kidogo, ulikufa. Aliiburuta yote miwili, na akijikojolea alipolala.

Fisi walijua kabla ya mtu yeyote kuwaambia. Walichukua mwana mbuzi, kisha mama yake. Safiya alimtwika Mahdi kazi ya ulinzi, na mpishi yule, mtu wa kwenye chombo aliyekuwa akijisifu kwa pilau, akawa analala zizini na sufuria na mwiko wa chuma, akiugonga kila kichaka kikitikisika. Mtaa ulimwita Bawabu wa Pili. Alivumilia jina, ila hakuvumilia viroboto.

"Uza," alimwambia mkewe asubuhi moja, macho mekundu. "Idris yuko tayari. Utapumzika."

"Nikishapumzika nile nini?"

"Chombo kikitengenea nitakuletea."

"Mahdi, mimi nikitaka sabuni sasa hivi naichukua kwa maziwa yangu. Sitaki kungoja chombo kitengenee ndipo nioge."

Mahdi alikuwa na habari nyingine ambayo alikuwa ameilalia. Chombo kimetengenea. Kinaondoka mwisho wa mwezi. Hapo hata sufuria na mwiko havitakuwapo. Wakagombana mpaka jua likawa kali, na walipochoka wakaafikiana hivi: siku Mahdi atakapopanda chombo, kama mbwa hajasimama, mbuzi wanakwenda kwa Idris. Mahdi alimpelekea Idris neno mapema, ili lisije likabadilishwa na ulimi wa mkewe.

Safiya akaenda kwa Nabil kwa miguu. Alimkuta anachanja, akamngoja kwenye mavi ya ngamia, akamwuliza kama anaweza kumpasua bila picha.

Nabil alimjibu kama mtu anayeogopa jibu lake. Ipo njia. Ukiifinya ngozi ya mgongo wa mbwa kuanzia nyuma, haisisimki. Unapanda, unafinya, mpaka unafika mahali ambapo ngozi inaruka. Pale fahamu imepata njia. Tatizo liko mbele kidogo ya pale, pingili moja au mbili. Moja au mbili, hawezi kusema ipi. Amewahi kuufungua mgongo chuoni, mbele ya mwalimu. Akifungua mahali pasipo, atakuwa amemuumiza bure. Akikuta uvimbe uko ndani ya kamba yenyewe, hatamwamsha.

"Na ukimwacha?"

"Utamwona mwenyewe."

Alikuja nyumbani kumfinya. Ilihitajika mtu wa kumshika Bawabu kifuani, amtulize, asijipinde. Mahdi alisema ana udhu. Safiya alimtazama mumewe, akatazama mbwa, akakunja mikono ya nguo. Aliupitisha mkono mmoja chini ya shingo na mwingine kifuani. Hakujua kwamba mbwa ana joto namna ile. Moyo wake ulikuwa ukipiga chini ya kiganja, haraka, kama wa mbuzi anayezaa mara ya kwanza. Bawabu aligeuka, akamlamba mkononi mpaka kwenye kiwiko, akalamba tena, kama anayelipwa malimbikizo ya miaka minne.

Nabil alifinya na kalamu akaweka alama. Bi Mwanatumu alikuwa mlangoni akitazama. Aliingia ndani, akatoka na ndoo ya maji na bakuli la udongo, akaviweka karibu na mkaza mwanawe, akaondoka.

*

Walimpasua asubuhi, katika chumba cha mabati, mlango umefungwa ili vumbi la mnadani lisiingie. Nabil aliazima kwa daktari wa meno mashine ndogo ya kutobolea, na koleo la kung'atia mfupa alikuwa nalo tangu chuoni. Alivaa taa ya kichwani. Safiya alipewa kazi ya kushika ngozi iliyofunguliwa kwa vyuma viwili, na kutazama kama mbavu zinapanda na kushuka.

Mfupa aliula punje kwa punje. Jasho lilimtoka, Safiya akalipangusa kwa leso yake kabla halijadondoka. Mgongo ulipofunguka waliiona kamba ile, nyeupe kama nazi changa, inalala vizuri katika tundu lake. Hapakuwa na kitu.

Nabil alisimama.

"Ulisema moja au mbili," alisema Safiya.

"Nilichukua moja."

"Basi ipo mbili."

Akaendelea kula mfupa kuelekea mbele. Chini ya pingili iliyofuata utando ulikuwa umetuna. Alipouchana kwa ncha ya kisu, kikajitokeza kitu cha kijivu chenye wekundu, ukubwa wa punje ya kunde, kimeikalia kamba na kuibana ukutani mpaka imekuwa bapa kama utepe. Kilikuwa nje ya kamba. Nabil alipumua kwa mara ya kwanza. Alikibandua kidogo kidogo, upande huu, upande ule, kikaja. Halafu hakikuja. Kipande chembamba kilikuwa kimeshikamana na mzizi wa fahamu, na kila alipokigusa mguu wa nyuma uliruka.

Alikiacha. Akashona.

Baadaye, mbwa akiwa bado usingizini, alimwambia Safiya bila kuzungukazunguka. Uvimbe umetoka, ila haukutoka wote. Hakuna pa kuupima kujua ni wa aina gani. Unaweza kurudi baada ya mwaka, au miaka miwili, au usirudi. Kusimama, kama atasimama, ni wiki kadhaa. Na kwa wiki hizo kibofu chake hakitajifungua chenyewe. Lazima mtu amkamue, mkono huku na mkono huku, taratibu, mara kadhaa kila siku, au mkojo utamwoza.

"Mtu gani?" aliuliza Safiya, ingawa walikuwa wawili tu mle chumbani.

*

Alijifunza kama alivyojifunza kukamua mbuzi, kwa kukosea. Alikikosa kibofu akakamua utumbo. Alikipata akarushiwa usoni. Udhu wake haukukaa, nguo zake hazikukauka, na udongo wa uani ulipungua. Alimkoromea Nabil kwa simu, alimkoromea Mahdi ana kwa ana, na Bawabu alimkoromea kwa upole, kwa kuwa ndiye pekee aliyekuwa akisikiliza. Majirani walipita wakijifanya wanakwenda mahali. Mwanamke mmoja alimwuliza kupitia ua wa miiba kama maziwa ya mbuzi na mkojo wa mbwa anavikamua kwa mkono mmoja. Safiya akamjibu kuwa anayo mikono miwili, aje aonyeshwe upi ni wake.

Mkia ulitikisika kwanza. Kisha kidole. Kisha siku nyingi hapakutokea kitu, na mwisho wa mwezi ukafika kama mgeni asiyealikwa.

Mahdi alifunga mzigo wake. Idris alikuja kabla ya chombo kuondoka, na kamba begani, na watu nyuma yake, kwa kuwa mtaa ule haukukosa jambo. Alisalimia vizuri. Alisema yeye hafurahii, ila neno ni neno. Safiya alikuwa amekaa kwenye mlango wa zizi. Alisogea.

Bawabu alikuwa amelala ndani, juu ya gunia. Idris aliinama kuondoa mwiba wa mlangoni, na mkono wake ulipovuka kizingiti mbwa aliinua kichwa. Akainua kifua. Halafu makalio yale, yaliyonyolewa, yenye mshono kama wa mkeka mbovu, yakapanda upande mmoja, yakayumba, yakapanda na upande wa pili. Miguu ya nyuma ilitetemeka, imetanuka kama ya meza iliyopigiliwa na mlevi. Alisimama kwa yote minne na kutoa sauti nzito kutoka chini ya tumbo. Idris aliurudisha mkono wake.

Mbwa akaanguka.

"Hakusimama," alisema Idris. "Hiyo si kusimama. Amejikaza tu akaanguka."

Mahdi alisema ni kweli ameanguka, lakini ni kweli pia alikuwa juu. Idris akasema kusimama ni kubaki. Mmoja wa watazamaji akasema inategemea. Wakaanza kubishana kusimama ni kitu gani, kwa sauti za watu wenye siku nzima mbele yao.

Bi Mwanatumu ndiye aliyekata. Alitoka na fimbo yake, akasimama mbele ya Idris, mfupi kuliko kamba yake.

"Nimemwona kwa macho yangu. Amesimama," alisema. "Wewe mwenyewe, Idris mwanangu, siku ya kwanza ulisimama ukaanguka. Na mama yako hakukuuza."

Watu walicheka mpaka Mahdi akalazimika kuweka mzigo chini. Idris alijaribu kusema jambo, akaliacha, akaitoa kamba begani akaishika mkononi kama asiyejua ameipata wapi. Fisi hawakuwa wameondoka vilimani, wateja walikuwa bado hawajarudi, na honi ya chombo ilikuwa ikimwita Mahdi bandarini. Safiya hakuangalia yote hayo. Aliingia zizini, akapiga magoti, akaitia mikono yote miwili chini ya tumbo la Bawabu mbele ya mtaa mzima, akamwinua mpaka miguu minne ikagusa mchanga.

"Nipishe njia, Idris," alisema. "Mtu huyu ana haja."